Shimo la Mihogo Juu ya Chemchemi

Nilipokuwa mtoto, kijito kilichopita chini ya shamba letu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa baba yangu. Tulikaa nje kidogo ya Kisangani, mji ambao miaka ile ya hamsini bado uliitwa Stanleyville, na kijito kilishuka msituni kuelekea mto Tshopo. Bibi yangu, niliyemwita Koko, alimtaja kwa sauti ya chini: Mwenye Maji. Huyo alikaa kwenye chemchemi ya kijito, na hakuna aliyewahi kumwona. Alichukia masizi ya sufuria, na zaidi ya yote alichukia mihogo michungu inayolowekwa. Akiudhika, alisema Koko, huhama na samaki wake, na maji hubaki maiti.

Nasi tulikula kwanga, mkate wa muhogo unaofungwa majanini, karibu kila siku, na hakuna kwanga bila kuloweka mihogo hadi ilainike na kunuka. Ndiyo maana wanawake walichimba mashimo yao ng'ambo ya kilima, kwenye matope yasiyoelekea kijitoni. Kulifikisha kapu huko kulivunja shingo. Nilikuwa na miaka kumi hivi, mvivu, tena mvivu mwenye hoja. Mama aliponituma, nilijiambia kwamba Koko amekataza kuloweka majini, hakusema neno juu ya nchi kavu. Nikachimba shimo langu mteremkoni, juu kidogo ya chemchemi, nikalijaza maji na mihogo, nikafunika kwa majani, nikaenda kucheza. Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha kutwa nzima.

Kesho yake asubuhi nilishuka kuteka maji. Kijito kilikuwa cheupe, kina povu, kinanuka kama shimo langu. Na samaki! Wadogo kwa wakubwa walijipanga juu ya maji, midomo nje, ikifunguka na kufungika bila sauti. Sikuwahi kujua kwamba kijito chetu kimebeba viumbe wengi kiasi kile. Wengine walishalala tumbo juu. Niliamini wote wanalitaja jina langu.

Koko alifika nyuma yangu na kapu lake la kuvulia. Samaki wale ndio waliokuwa kitoweo chake tangu alipofiwa na mumewe.

"Nani aliweka muhogo?"

"Ni miye, Koko. Lakini sikuweka mu maji. Niliweka kule juu, mu udongo."

Alikinyooshea kilima kidole. "Na mvula ikianguka kule juu, inaendaka wapi?"

Niliufuata mteremko kwa macho, kutoka shimoni kwangu hadi chemchemini.

"Bon," akasema Koko. "Weye njo utamurudisha Mwenye Maji."

Hakunipiga, na ningeona afadhali anipige. Nilihamisha mihogo iliyooza hadi ng'ambo, nikafukia shimo, nikachimba mfereji wa kugeuzia maji ya mteremko kwenye majani. Siku zile zote tulichota maji mbali, na Koko alikula sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki. Kila alfajiri tulikwenda kutazama. Niliogopa kwamba nimemfukuza Mwenye Maji moja kwa moja.

Asubuhi moja mchanga ulionekana chini. Kando ya mzizi, samaki wadogo kama sindano walikuwa wakicheza. Koko alivua kitambaa cha kichwa, akainama.

"Mbote, mama. Aksanti kwa kurudi."

Nami nikainama, nikasalimu. Hakuna kilichojibu. Lakini hata kanisani sijapata kuhisi kwa nguvu vile kwamba nimesimama mbele ya mtu.

Shuleni nilikuja kufundishwa kwamba muhogo mchungu una sumu, na kwamba uozo humaliza hewa ndani ya maji. Sawa. Maelezo hayo hayajanipunguzia kitu. Leo mteremko ule umejaa nyumba. Kila mtu anamwaga mafuta na taka uani kwake, na ukimuuliza atakujibu kwamba hajatupa chochote kijitoni. Siwezi kumcheka, hoja hiyo ni yangu.

Mawingu yakitanda, mimi hutoka nje na kuzoa kila kilichomwagika. Wajukuu hunitania kwamba bibi anaifagilia mvua njia. Nawaacha wacheke. Najua ni nani anayekaa chini ya mteremko.