Nilivunja nazi kwa kishoka cha Kihindi, kumbe ni bunduki

Wakuu, mlio wadogo nipeni shikamoo yangu kwanza, ndiyo nianze.

Shule niliishia la nne, mkiona makosa ya herufi nyamazeni. Haya yalinipata mwenyewe, siongezi neno.

Niko kwa binti yangu Rehema, hapa Brussels. Jumapili moja wakwe walikuwa wanaleta posa. Rehema ana miaka thelathini na nane, sasa mjue nilivyoisubiri siku hiyo.

Nikasema lazima wali wa nazi. Jikoni kwake visu vyote vya kukatia mkate. Nikaenda soko la Gare du Midi, nikakuta mzee anauza vyuma vya zamani.

Nikaona kishoka kimechorwa maua, mpini wa chuma una tundu refu kama bomba. "India, India," akaniambia. Nikajua wamekitoboa kiwe chepesi.

Wakuu, kile kitu kinavunja nazi! Pigo moja tu, imepasuka katikati.

Nikakiosha. Tundu nikalisugua kwa brashi ya chupa, nikachungulia kama limetakata.

Hapo akaingia Papa Ilunga kunisalimia. Ndiye baba wa bwana harusi, Mkongo wa Lubumbashi.

"Maman! Toa jicho mu ile tundu! Hii ni bunduki!"

Akanionyesha kidude kimekunjwa chini ya mpini. Trigger! Aliwahi kuona kama hicho museum. Wahindi wa zamani walipiga risasi, ikikosa wanamalizia kwa shoka.

Akaingiza kijiti cha mishikaki. Kikagota njiani. Kuna kitu kimo ndani, huenda risasi ya zamani.

Bunduki sikuiogopa. Niliogopa posa itavunjika. Maana mkewe alisema kwa sauti kule sebuleni: "Donc sisi tunaleta posa, bao banatutayarishia bunduki?"

Rehema machozi.

Nikatoka na kata ya kuchotea tui mkononi, nikamwambia mama mkwe: "Mama, ningetaka kuwaua nisingehangaika kukuna nazi."



Papa Ilunga akacheka mpaka akashika meza. "Bon! Mahari sibishani tena. Nani atabishana na huyu maman?"

Mkewe naye akacheka. Wali tukala mpaka ukoko.

Polisi tuliwapigia simu, wakaja kukichukua. Rehema alipowaeleza kazi niliyokuwa nakifanyia, mmoja akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

Fundisho: chombo usichokijua uliza kazi yake kabla ya kuweka jicho.

Nazi sasa navunjia kwenye ngazi ya nje, majirani wananikodolea. Mlioko Ulaya, nyie mnavunjia nini? Semeni, ila kwa adabu. Bibi harusi anasoma comments.