Mkono Usiovimba

Mimi ndui ilinipata ningali mdogo, kwetu Mbegani, kabla sijapelekwa chuoni kusoma Kurani. Ilinila uso, kisha ikaniacha. Kwa hiyo iliporudi, nikiwa mke wa mtu na mama wa binti mmoja pale Bagamoyo, sikuwa na la kuogopa kwa nafsi yangu. Hofu yangu yote ilikuwa juu ya mume wangu na mtoto.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Mapaa mengi ya mtaa wetu yalikuwa kazi ya mikono yake. Mimi nilikuwa nikipika mihogo na kunde nikiwauzia wapagazi walioshuka na pembe za ndovu kutoka bara. Mtaa wetu ulikuwa wa mwisho, upande wa njia ya bara, na wapagazi walipoingia mjini sisi ndio tuliowaona kwanza. Hayo yalikuwa miaka michache kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajatuletea bendera yao.

Msafara mmoja ukafika una wagonjwa. Wengine walikuwa wameachwa njiani, wengine waliingia wakijikokota, na mmoja alikuja kuketi mbele ya jiko langu akaomba maji. Nilipomtazama shingoni nikaona vipele, nilijua. Nilimpa maji, kisha nikamwambia mume wangu asitoke na mtoto.

Wakubwa wa mji wakakutana barazani kwa tajiri mmoja wa pembe. Mume wangu alihudhuria, akasimama nyuma, na aliporudi alinieleza yote. Wako waliosema njia ya bara ifungwe kabisa, msafara wowote usiingie hata maradhi yaishe. Matajiri wakasema mji huu unakula kwa pembe, na ukifunga njia umewafunga watu midomo. Mwalimu wa chuo akakumbusha kuwa dini yetu inakataza kuingia penye tauni na inakataza kutoka penye tauni, kwa hiyo kila mtu akae alipo. Mzee mmoja akauliza swali ambalo mume wangu alilirudia kwangu mara nyingi: hao tutakaowazuia watakula nini, na chakula hicho kitatoka kwa nani? Wakapitisha tambuu, wakaendelea na mengine.

Walilokata ni hili. Wapagazi wabaki kambini nje ya mji. Pembe zitwaliwe mikononi mwao ziingizwe ghalani, kwa kuwa pembe haiugui. Na mtaa wetu, kwa kuwa umechanganyika na wapagazi, ufungwe pamoja na kambi. Jumbe wa mtaa wetu alikuwapo, akakubali kwa niaba yetu.

Wakatuwekea askari. Aliyekuwa na shamba nje ya mtaa hakuruhusiwa kwenda kulitazama, na mpunga ukaiva ndege wakaula mbele ya macho yetu, maana mashamba mengine tulikuwa tukiyaona kutoka uani. Jiko langu nililizima, kwani nani angenunua? Ijumaa ya kwanza matajiri walituletea mchele wa chenga. Ijumaa iliyofuata hawakuleta, na tulipotuma mtu kuuliza tukaambiwa tusubiri. Wakati huohuo pembe zilikuwa zikipita mbele ya milango yetu kila asubuhi, na zilikuwa zimebebwa na watu, tena watu walewale waliolala kambini. Waliingia mjini wakitoka jasho, wakazitua ghalani, wakarudishwa. Nilimuuliza askari mmoja kwa nini yule anapita na mimi sipiti. Akaniambia yule ana kazi.

Ndipo akaja tabibu kutoka Unguja, Mzungu, na mkalimani wake. Alikuwa na dawa ya kuchanja ndani ya vijiti vya kioo. Alianzia nyumba za mawe, akawachanja matajiri na watu wao, kisha wakubwa, kisha askari. Sisi alitufikia mwisho, dawa ikiwa imeshinda juani katika mkoba wake.

Mume wangu hakutaka. Si kwamba alikuwa mjinga, wala hakuamini yale maneno ya mitaani kwamba mchanjwa hugeuka ng'ombe. Alikuwa mtu mwenye kupima mambo. Aliniambia, "Maradhi yakinijia, nitasema ni amri ya Mungu. Lakini nikimtia mwanangu maradhi kwa ridhaa yangu, akafa, nitasema nini?"

Nikamwambia, "Utasema ulitafuta dawa. Na akifa kwa kukosa kuchanjwa, hapo utasema nini?"

Tulibishana siku nzima, si kwa ukali. Nilimwonyesha uso wangu. Nilimwambia mama yangu angepewa dawa hii angeikimbilia. Mwishoni alichukua mkono wa binti yetu akamshikia tabibu, kisha akautoa wake.

Yule tabibu alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ninalisema kila mahali. Kwa kinywa cha mkalimani alituambia waziwazi: baada ya siku chache mkono lazima uvimbe na utoke jipu. Usipovimba, dawa haikushika, na mtu huyo ajihesabu hajachanjwa. Alisema joto huiua dawa. Alisema anarudi Unguja kutafuta nyingine, na atakuja kuwachanja upya wote ambao mikono yao haikuvimba.

Mkono wa binti yangu ulivimba, akapata homa, akalia, akapona. Mkono wa mume wangu ulikauka kama wa mtu aliyeparuzwa na mwiba.

Kambini watu walikuwa wakifa na hakuna wa kuwazika. Jumbe wetu akaja na askari, akasema wakubwa wameamua kuwa kila mwanamume wa mtaa huu aliyechanjwa aende kambini kujenga vibanda na kuchimba makaburi. Watu wa nyumba za mawe nao walichanjwa, tena kabla yetu, lakini hao hakuwataja.

Nilitoka na ushungi wangu nikamwamkia, akaitikia. Nikaushika mkono wa mume wangu nikamwonyesha.

"Bwana, tazama. Haukuvimba. Tabibu alisema mkono kama huu haujachanjwa."

Akautazama. Ninamshuhudia kwamba aliutazama. Kisha akamuuliza mume wangu, "Umechanjwa au hukuchanjwa?"

Mume wangu akajibu, "Nimechanjwa, bwana, lakini dawa haikushika."

"Basi umechanjwa," jumbe akasema.

Nikamwambia anipeleke mimi. Nikamwambia makovu yangu yanajieleza, ndui hainirudii, na jembe ninaliweza. Akasema mwanamke haziki wanaume wala haezeki paa, na kwamba mji hauwezi kuendeshwa kwa kutazama mikono ya kila mtu mmojammoja. Mume wangu akanigusa bega, akaniambia niingie ndani kwa mtoto. Aliondoka na kisu chake cha makuti, kama aendaye kazini kwa mtu.

Vibanda alivyojenga kambini vilikuwa vizuri. Nilikuja kuviona. Watu waliokuwa wamelala kwenye majani aliwawekea vitanda vya miti, na paa aliliezeka barabara, makuti yamebanana, kana kwamba watakaa humo miaka. Mpagazi mmoja aliyepona aliniambia kwamba fundi alikuwa akiwanywesha maji mwenyewe ingawa alikatazwa kuwagusa.

Homa ilimshika akiwa huko. Walipokuja kuniambia, hakuna askari aliyenizuia, maana sasa nilikuwa naelekea kambini, si mjini. Nilimwacha binti kwa jirani. Nilimkuta katika kibanda chake mwenyewe. Vipele vilikuwa vimekwisha kuungana usoni na macho yalikuwa hayafunguki, lakini sauti yangu aliijua. Aliuliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia mzima, kovu limekauka. Akasema, "Alhamdulillahi, yeye ilimshika." Baadaye aliniambia, "Usigombane nao, watakuonea." Hakunilaumu kwa neno hata moja, na mimi sijioni mkosa. Nilimwomba achanjwe kwa dawa nzima. Waliomwita mchanjwa kwa jina tu, kisha wakalitumia jina hilo kumpeleka mautini, ndio wenye deni lake.

Nilimwosha mimi, na wapagazi wawili waliopona wakamzika. Sanda ililetwa kutoka kwa tajiri wa pembe. Mleta sanda alinihimiza niende kushukuru. Sikwenda.

Niliporudi mtaani nilikuta nyumba yangu jivu. Walisema nyumba ya kila aliyekufa kwa ndui lazima ichomwe, kuusafisha mji. Mjini kwenyewe ndui ilikuwa imekwisha kuingia, na iliingilia ghalani, kwa wale waliokuwa wakizipokea pembe. Mtunza ghala mmoja alikufa. Ghala halikuchomwa. Lilipakwa chokaa.

Tabibu alirudi na dawa mpya, akachanja mitaa yote, mikono ikavimba, na maradhi yakapungua hadi yakaisha. Alipomtafuta mume wangu ili amchanje tena, nilimpeleka yeye na mkalimani wake hadi kaburini. Tabibu alivua kofia. Kisha alikwenda kwa wakubwa akasema nao kwa ukali, ndivyo nilivyosikia. Walimpa kahawa.

Walisoma hitima kubwa kushukuru, wakachinja ng'ombe. Matajiri walitajwa kwa wema wao wa mchele. Sisi wa mtaa wa mwisho tulitajwa pamoja, kwamba tulivumilia. Nilipomfuata jumbe kumuuliza habari ya kiwanja changu, nijengewe hata chumba kimoja, alinijibu kwa upole sana kwamba wakubwa wameona upande ule, kwa kuwa u karibu na njia ya bara, unafaa ghala jipya. Akaniuliza kama sina ndugu.

Nilikuwa naye kaka yangu, Mbegani. Nilimfunga binti mgongoni tukatembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Kaka alinipa chumba cha uani na kipande cha shamba, na mkewe alinipokea vizuri. Jumbe yule aliishi miaka mingi, akafa kitandani mwake amezungukwa na wajukuu. Watu wa Mbegani walikwenda mazikoni, wakanipitia tufuatane. Niliwaambia nina mihogo ya kumenya.