Sweta la Mama Maktabani

Juzi nilipita maktaba yetu hapa Mbeya, nikakuta mafundi wanabomoa chumba cha watoto. Watajenga ghorofa, maana jiji limekua na viti havitoshi. Vumbi lilinuka karatasi za zamani, nikakumbuka alasiri moja.

Mama alikuwa amelazwa. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo baba aliniacha pale kwa mama mkutubi. Mvua ilipiga mabati. Watu wote walikuwa kimya, wameinamisha vichwa, nami nikadhani wanamwombea mama yangu. Nikainama pia.

Baba aliporudi, alikuwa amebeba sweta la mama, lile la kijani. Nilifurahi sana.

"Mama hasikii baridi tena?" nikamuuliza.

"Hasikii tena, mwanangu," akasema, akanivalisha.

Mikono ya sweta ilining'inia hadi magotini. Lilinuka moshi wa kuni na mafuta ya nazi. Mkutubi aligeukia dirishani akajifuta macho.

Nami nikazunguka meza moja baada ya nyingine, nikiwaambia wasomaji kwa sauti kwamba mama amepona. Hakuna hata mmoja aliyeninyamazisha.