Adhana Iliyovuja kwenye Kebo ya Dishi

Kama hamkuwapo mtaani kwetu Mji Mkongwe Ramadhani iliyopita, mmesalimika, maana mimi hadi leo nikipita na kikapu changu watu wananiuliza, "Maalim, leo jua linakuchwa saa ngapi?" nami nacheka tu, kwani aibu nilijitafutia mwenyewe.

Kaka yangu Salim yuko Maskati, na tangu afiwe na mkewe amekuwa kimya, simu hapokei, wageni hataki. Ujanani sote wawili tulipenda redio za kuzungumza mbali (leseni yangu ninayo bado, alhamdulillahi), basi nikamwomba mwanawe amkalishe mbele ya redio yake jioni moja, nami nikajenga antena juu ya paa. Ikabaki kebo ya kuishusha chini. Ile nene ya redio iko dukani Mwanakwerekwe, na nyembamba iliyobaki tulipofunga dishi la televisheni iko stoo, na kwa saumu ile na jua lile nikasema, aa, kebo ni kebo. (Najua vyema kwamba ya dishi wavu wake wa ndani ni mwepesi, sauti huvuja njiani, wengine nimewafundisha mimi!) Nikaipitisha ukutani, sambamba na waya wa vipaza sauti vya msikiti, maana nyumba yetu na msikiti zimeegemeana.

Nikaita, nikaita tena, mara ikaja sauti dhaifu: "Naam, mdogo wangu, nakusikia."

Jamani! Nikapaza sauti kwa furaha, "Allahu akbar! Allahu akbar!", nimesahau kwamba muadhini akisafiri mimi ndiye ninayeadhini, na sauti yangu mtaa mzima unaijua, nayo wakati huo ilikuwa imevujia waya ule, ikitoka kwenye vipaza sauti vya msikiti, inakwaruza, na jua halijachwa.

Jirani yetu Bi Time akachungulia dirishani, kikombe cha uji mkononi. "Maalim! Wewe si uko msikitini?"

"Niko kwangu, Bi Time."

"Basi nani kaadhini? Mie nshakula! Na mume wangu yuko kwenye sambusa ya tatu, anasema leo Maalim ana mafua!"

Na maneno yote hayo, kwa kuwa kidole changu kilikuwa bado kimebana kitufe cha kusemea, yakaenda mtaani na Maskati pia. Nilipokiachia nikasikia kicheko. Salim alikuwa anacheka hadi anakohoa, na mwanawe akaniambia baadaye kwamba hakumsikia hivyo tangu msiba.

Baada ya Magharibi nilisimama msikitini nikawaomba radhi waliokula. Imamu akasema wana siku moja ya kulipa, na Maalim atawafuturisha. Basi baada ya Idi tulifunga pamoja, nami nikiwemo, na futari ikaandaliwa kwangu juu, pembeni ya antena yenye kebo nene. Ya dishi sitaigusa tena, inshallah, wala karibu na Magharibi sifungui mdomo redioni.

Salim siku hizi ndiye anayeniita mwanzo. Na kabla hata ya salamu huuliza, "Bi Time yupo? Mwambie bado."