Waliobaki Chini ya Ewoi

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Lodwar, Afisa wa Maabara alinipa koleo badala ya kiti. "Hapa hatukai, msichana. Hapa tunachimba." Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, na kabla ya adhuhuri soli zilikuwa zimeachia kwa joto. Nilichimba hivyo hivyo, maana nina kichwa kigumu tangu utotoni.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwajua wanyama wadogo wa udongoni: mchwa, tandu, utitiri, na vijidudu weupe wanaojirusha kwa mkia, ambao watu wengi hufa bila kuwaona. Hao ndio hula majani makavu na mavi ya mbuzi hadi yawe rutuba. Tuliweka udongo kwenye faneli yenye wavu, na juu yake taa. Udongo ukikauka kuanzia juu, wadudu hukimbilia chini kutafuta unyevu, wakadondoka kwenye chupa ya spiriti. Afisa alipenda kusema, "Jua la Turkana likizidi, litatufanyia kazi hii bure." Tulicheka sana. Sasa sicheki.

Nilipohamishiwa Kakuma, Mratibu wa Mradi alitaka tulinganishe sehemu mbili: uwanda mtupu, na kivuli cha ewoi, ile migunga ya kando ya laga, mto mkavu unaojaa maji wakati wa mvua tu. Tulianza kuchimba kivulini bila kuuliza mtu, tukidhani pori ni la wote. Hatujamaliza shimo la kwanza, akatokea mama mmoja, Akiru, fimbo mkononi.

"Ejok," alitusalimu bila tabasamu. "Nani amewapa ruhusa? Hii miti iko na wenyewe."

Tulikuwa ndani ya ekwar yake, yaani kipande cha miti ya kando ya laga ambacho familia hurithishana, kwa ajili ya kivuli na maganda ya kulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mratibu akaanza kueleza habari za serikali. Mimi niliketi chini nikaomba radhi kwa Kiturkana. Tangu hapo, kila msimu Akiru ndiye aliyetuonyesha pa kuchimba, nasi hatukwenda bila majani ya chai na sukari.

Miaka ikapita, mvua zikakosa, msimu baada ya msimu. Halafu ikaja mvua ya hasira, ikabeba udongo wa juu wa uwanda ukaenda na laga. Chupa za uwandani zikawa zinatoka tupu. Aina nilizozijua kama majirani zangu hazikuonekana tena. Niliumia, nasema wazi. Chini ya ewoi bado walikuwapo.

Ndipo mbuzi wa Akiru wakafa, na mchuuzi wa makaa akaja kuitaka miti. Mratibu akaniambia, "Achana nayo. Tutahamia Kalobeyei."

"Mzee, huko hakuna kivuli kama hiki. Wadudu wakikosekana hapa, wamekosekana kabisa."

"Basi kaa na miti yako."

Nikakaa. Nilimwekea Akiru sahani mbili za udongo na kioo cha kukuzia. Udongo wa uwandani ulikuwa umetulia tuli. Wa kivulini ulitembea. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bila hawa, majani haiozi?"

"Yatapeperushwa tu na upepo, mama. Na mti utakosa chakula."

"Na watoto yangu leo watakula nini?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa na mshahara. Sikumdanganya kwamba wadudu wangewalisha. Akawaita shemeji zake, maana ekwar haikatwi kwa kauli ya mtu mmoja. Walibishana kutwa nzima. Mwishowe wakaafikiana: mchuuzi achukue matawi makavu tu, mti mbichi asiuguse. Akiru akaanza kusuka vikapu vya majani ya mikoma na kuviuza kwenye kambi ya wakimbizi.

Nimestaafu sasa, na mradi ulishafungwa. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii mna vipimo ambavyo sisi hatukuviota. Vizuri, lakini muulizeni kwanza mwenye mti. Mimi bado hupanda gari kwenda Kakuma kila baada ya mvua, na bosi wangu ni Akiru.

Safari hii aliniuliza kama kawaida, "Wale wadudu, bado wako?"

Niliupekua udongo mara ya pili kabla ya kumjibu. "Wako, lakini wengine siwaoni."

Akasema, "Basi wacha kuchimba. Waache wazae."

Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kupewa amri ngumu kama hiyo. Nikarudisha udongo shimoni, nikaufunika kwa majani.