Tefiro na Mashine ya Kunusa Visima

Tefiro wa Nyamwamba ana kazi ambayo mama yake mpaka leo hajaielewa. Wakimuuliza kanisani, mama hujibu kwamba mwanawe ananusa mashimo. Tefiro alijaribu kumsahihisha mpaka akachoka, kwa sababu ukifikiria vizuri mama hajakosea. Ana mashine ya njano, ndogo kama kipande cha sabuni, ambayo huishusha kwa kamba kisimani kabla ya mtu kuingia, nayo hupiga kelele ikikuta hewa ya sumu. Aliifanyia semina pale Kasese mjini, akapata cheti, na tangu hapo anatembea ametanguliza kifua. Vijana wa bodaboda wakambandika jina Afande wa Hewa. Walikuwa wanamtania, yeye akalipokea kama cheo.

Anayeingia mashimoni ni Kule, mume wa dada yake. Kule alikuwa na shamba lake la kahawa huko Maliba, ametulia, mpaka Tefiro alipomfuata na kumwambia kazi hii haina hatari ukiwa na mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe ni nani, hilo hakulitaja, aliona linajulikana.

Basi wakaitwa Bwera, kwa Laurentine, mama wa Butembo anayeuza vitenge karibu na mpaka wa Kongo. Kisima chake kilikuwa kimejaa tope. Jana yake wafanyakazi walikuwa wameshusha pampu ya petroli humo humo ndani ili kuvuta maji. Moshi wa pampu ukinaswa shimoni huacha sumu isiyo na harufu. Mtu hulegea magoti akidhani ni uchovu tu, halafu hawezi tena kupanda ngazi.

Laurentine aliyaona ya Ebola huko kwao Kongo, na mazoea yake hayajamtoka. Aliwangoja mlangoni na chupa ya sanitaiza.

"Kwangu mutu haingie bila kunawa," alisema. "Leta mikono, papa."

Alimimina bila huruma. Tefiro akajisugua mpaka viwiko, akijiona daktari anayeingia kupasua, na mikono ikiwa bado imelowa akaishika mashine na kuiwasha. Ikapiga kelele pale pale uani, mbele ya watu wa boda waliokuja kutazama.

"Sasa iko inalia juu ya nini?" Laurentine akauliza. "Kisima iko kule."

Tefiro aliona aibu, na aibu ikishampata huwa haulizi tena kitu. "Imesahau hewa safi ikoje," alisema kwa sauti ya semina. "Naikumbusha." Akabonyeza kitufe cha kuirudisha sifuri. Mashine ikanyamaza, ikaandika sifuri, na yeye akatikisa kichwa kama mtu aliyetuliza mtoto.

Akaishusha kisimani, akaipandisha, akasoma kioo chake. Ishirini na moja. Kengele yake huanza thelathini na tano.

"Poa," akamwambia Kule. "Ingia."

Kule akajifunga kamba kiunoni, akaketi ukingoni, akaingiza mguu wa kwanza kutafuta ngazi.

Kitabu cha mashine kinasema kila asubuhi uipulizie gesi ya majaribio kutoka kwenye mtungi wake mdogo, uone kama inalia. Asubuhi hiyo Tefiro hakuipulizia. Alikuwa anapiga pasi shati. Na mtungi ungebaki mfukoni hivyo hivyo kama mmoja wa wale wa boda asingesema, "Afande, hiyo kitu yako ni redio tu."

Hilo Tefiro hakuweza kulimeza. Akautoa mtungi ili awaonyeshe, wakome. Ndani yake mna sumu ile ile ya moshi, kipimo mia moja, imeandikwa ubavuni. Akaufungulia mdomoni mwa mashine, akawageukia watazamaji, akangoja kelele.

Kimya. Akatazama kioo. Kumi.

Hapo ndipo aliposikia harufu ya mikono yake mwenyewe. Ilikuwa ile pombe ya sanitaiza. Mashine ilikuwa imeinusa ikalia, na yeye, fundi mwenye cheti, akaiambia hiyo ndiyo hewa safi. Tangu hapo ilikuwa inapunguza tisini kwa kila ilichokutana nacho. Ishirini na moja na tisini, alijumlisha: mia na kumi na moja.

"Kule, toka."

"Nitoke wapi? Sijaingia."

"Toa mguu, shemeji. Toa mguu."

Kule akautoa. Tefiro akanawa kwa maji na sabuni mpaka ngozi ikauma, akaenda barabarani mbali na pikipiki zote, akairudisha mashine sifuri upya. Akaipulizia mtungi: mia moja, na kelele tele. Akaishusha tena kisimani, na safari hii ililia kutoka huko chini, wote wakaisikia.

"Na ile ya kwanza?" Laurentine akauliza.

Neno "betri" lilikuwa tayari ulimini. Tefiro akalirudisha. "Ile ya kwanza nilikosea mimi," alisema. "Na mtungi niliutoa kwa kutaka sifa tu."

Watu wa boda wakacheka, wakaangua vicheko kweli kweli, na Tefiro akaona ni haki yao. Kule hakucheka. Alikuwa amekaa chini, anavitazama viatu vyake, kimoja kikiwa na ukoka wa ukingoni.

"Ningeshuka," alisema. "Uliniambia ingia, na mimi ningeshuka tu."

Tefiro ni mtu wa utani hata msibani. Alikaa kando ya shemeji yake, akautafuta utani, hakuupata.