Maji Hayakadiriwi

Enzi za mamluki, wale askari wa kukodiwa walioishika nchi yetu, kazi yangu mjini Moroni ilikuwa kukadiria vifaa vya zege: saruji, mchanga, kokoto, nondo. Na maji. Kwetu hakuna mto. Mvua ikinyesha, mawe ya volkano huimeza yote, na kila nyumba inaishi kwa birika lake, tangi la kukingia maji ya mvua.

Mzungu mmoja, mamluki, alitaka ukuta wa kuzunguka nyumba yake ya ufukweni. Nilipomsomea makadirio na kufika kwenye maji, akacheka. Tangu lini maji yakakadiriwa? Mhandisi wake, mtu wa Mutsamudu, kwenye kisiwa kingine, ambako mto unapita mjini, naye akacheka. Siku hizo mwenye bunduki akicheka, ulicheka kwanza, ukauliza baadaye.

Siku ya kumwaga zege hapakuwa na hata ndoo moja ya maji. Mzungu akapiga hodi kwa majirani. Akina mama wakamwambia birika ni la kunywa na kutawadha, kisha wakafunga milango. Basi akaamuru yachotwe ya baharini. Nikamwambia chumvi itazila nondo. Akaniambia nichote.

Mamluki walipoondoka, nondo zilikuwa zimevimba kwa kutu na ukuta umepasuka kila upande. Nyumba akapewa mkubwa mmoja wa serikali, mzaliwa wa hapahapa Moroni, aliyelelewa kwa maji ya birika kama mimi. Akaniita nimkadirie ukuta mpya. Nilipofika kwenye maji, akacheka.

Mhandisi yuleyule alikuwa keshaanza kucheka.